Hilo "tu" lako linakula mtaji

Muulize kijana yeyote wa kwetu hapa Bwera anafanya kazi gani. Awe na meza ya vocha pale Mpondwe, awe anavusha mawese kutoka Kasindi, awe anasuka nywele kwenye baraza la nyumba ya kupanga Kasese mjini, jibu ni lile lile: "Sina kazi, niko nauzisha tu." Mwingine: "Niko najidebruye tu." Waliokaa Uganda muda mrefu wanasema, "Nahangaika tu." Kitenzi kinabadilika, hilo "tu" la mwisho halibadiliki.

Mimi nina ugomvi na hilo "tu". Najua kuna atakayesema maneno hayajazi sufuria, shida yetu ni mtaji. Sawa, mtaji ni shida, sikatai. Lakini angalieni kazi tunazozikwepa zaidi. Kuandika kilichouzwa leo. Kumkumbusha aliyechukua kwa deni. Kutaja bei halafu kunyamaza, bila kuishusha kabla mteja hajafungua mdomo. Kuingia kwenye ofisi ya mji kuuliza leseni ni shilingi ngapi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaka mtaji zaidi ya daftari na kalamu. Tunazikwepa kwa sababu zina majina mabaya, na majina hayo tumevuka nayo mto pamoja na magodoro.

Tuanze na kudai, maana hapo ndipo pesa nyingi inapotelea.

Neno "kudai" kwa Kiswahili limejaa ugomvi. Mtu anadai haki yake, mke anadai talaka, wafanyakazi wanadai mishahara, na nyuma yake unaona polisi wanakuja. Sasa dada mmoja wa kikundi chetu anauza samaki wakavu. Anampa jirani samaki wa elfu kumi, jirani anasema "niandikie, nitalipa wiki ijayo". Wiki inapita, mwezi unapita. Ukimwambia aende akachukue pesa yake anajibu, "Nikienda kumdai ataona nina roho mbaya, na hapa sisi ni wageni." Mwishowe yeye ndiye anayebadilisha njia ili asikutane na jirani. Fikiria hiyo picha: mwenye deni anatembea barabara kuu akichekesha watu, mwenye pesa anapita vichochoroni kama mwizi.

Lakini huyo huyo dada Jumapili mchana yuko kwenye likelemba, na huko hana aibu hata kidogo. Anahesabu, anamtazama mtu machoni, anasema, "Mama, wewe bado, zamu ya leo ni ya fulani." Hakuna anayemwona ana roho mbaya. Pesa ni ile ile, majirani ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kwenye likelemba hakuna kudai, kuna zamu. Siku ilishatajwa tangu mwanzo, kwa hiyo anayekumbusha hajamshambulia mtu, amesoma ratiba.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoendeshwa na mashirika vinafanya kazi kwa akili hiyo hiyo. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu, hisa, faini na mfuko wa jamii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, na leo uko kila kona ya Uganda. Sanduku lenyewe si la ajabu. Nguvu yake ni kwamba kila neno linalohusu pesa limepewa siku yake na mtu wake. Kwa nini basi tunaacha akili hiyo chini ya mti wa mkutano, tukifika kwenye meza ya samaki tunarudi kuogopa?

Ninachowaambia wenzangu ni kitu kidogo. Siku unapotoa mali kwa mkopo, taja siku ya kurudi hapo hapo, nyote wawili mkiwa mnacheka bado. "Ijumaa ya soko, si ndiyo?" Ijumaa ikifika huendi kudai. Unaenda kwa sababu ni Ijumaa yenu. Nimeona inafanya kazi kwa watu waliokuwa wanakimbia wadeni wao. Haifanyi kazi kwa kila mdeni, kuna wengine hata ungewaita malaika hawalipi, lakini hao unawajua mapema zaidi na unaacha kuwapa.

Na "kudai" lina mtoto wake mbaya zaidi: kujidai. Hebu hesabu maneno ya "ji" tuliyolelewa nayo. Kujidai, kujisifu, kujivuna, kujionyesha, kujikweza. Mtoto akiyasikia yote hayo nyumbani na kanisani kama dhambi, halafu siku moja mwalimu wa biashara anakuja na chati zake akimwambia ajifunze "kujitangaza", unategemea nini? Neno limeingia kwenye familia ambayo tayari ina sifa mbaya. Kijana mmoja wa Kasese anatengeneza simu vizuri kuliko duka lolote ninalolijua pale mjini. Hana kibao mlangoni. "Watasema najionyesha." Anatengeneza ndani, kitandani, na anayemjua ndiye anayemfikia. Lakini kila Jumapili kanisani anasimama kusoma matangazo ya kwaya mbele ya watu mia mbili, sauti haitetemeki. Kutangaza anaweza. Ni ile "ji" inayomziba mdomo. Basi asijitangaze. Aandike kwenye ubao, "Simu zinatengenezwa hapa", kama tangazo la kwaya. Hakuna aliyejisifu hapo.

Hesabu nayo. Wengi wetu neno hilo tulikutana nalo darasani pamoja na fimbo. Na kwa watu wa mpakani, "kutoa hesabu" ni kile anachofanyishwa mtunza hazina anayeshukiwa. Ndiyo maana ukisema "leo tunafunzwa kufanya hesabu za biashara" nusu ya watu wanakumbuka wana mgonjwa nyumbani. Lakini angalia kinachotokea pasipo na daftari. Tuseme mama ananunua jerikeni ya mawese, lita 20, kwa shilingi 90,000. Anauza lita kwa 5,500. Jioni ana 110,000 kichwani, anasema, "Nimepata elfu ishirini, Mungu ni mwema." Sasa toa boda 4,000, ushuru wa soko 1,000, chupa tupu 3,000. Zimebaki 12,000. Halafu kati ya zile lita 20, mbili zilichukuliwa na jirani yule wa "niandikie" ambaye hakuandikwa popote. Hizo ni 11,000. Siku nzima juani, mtoto mgongoni, faida ni shilingi elfu moja, na hapo bado hajala mchana. Atarudi wiki ijayo na jerikeni nyingine, na mwezi wa tatu mtaji utakuwa umeisha, naye atasema amerogwa au soko ni baya. Daftari lingemwambia mapema: si soko, ni zile lita mbili.

Kwenye kikundi tumeacha kuiita hesabu. Tunasema "kuandika siku". Umeandika siku? Ndiyo, nimeandika siku. Kinachoandikwa ni kile kile.

Hapa niseme kidogo juu ya kuuza, maana watu wa mpaka huu tuna kichekesho chetu. Sisi tuliotoka Kivu tunasema "kuuza" tukimaanisha kununua, na "kuuzisha" ndiyo kuuza. Mkenya au Mtanzania akifika Mpondwe na lori lake, akimwambia Mkongomani "nauza", wanaweza kusimama dakika tano kila mmoja akimsubiri mwenzake atoe pesa. Inachekesha. Lakini sikiliza vizuri hilo "kuuzisha". Ni kumfanya mtu anunue, kama kulisha, kama kulipisha. Masikioni mwangu muuzaji katika neno hilo ni mtu anayesukuma, na mnunuzi ni mtu anayesukumwa. Labda nazidisha. Lakini nimewasikia wasichana wetu wakisema "sipendi kuuzisha watu", wakimaanisha hawapendi kuwalazimisha, na wasichana hao hao wakiulizwa na mteja bei ya kitenge wanajibu kama wanaoomba msamaha: "Ni elfu thelathini, lakini tutaelewana." Mteja hajasema kitu! Bei imeshuka kwa sababu ya aibu.

Msifikiri ni sisi wakimbizi tu wenye maneno ya namna hii. Afrika Mashariki yote ina historia ya kumpa mfanyabiashara majina. Hapa Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa wanajeshi na watu wengine, wananchi waliwaita wapya hao mafuta mingi, kwa Kiswahili kabisa. Katika miaka hiyo hiyo kahawa ilivushwa usiku kwenda Zaire na Kenya, na uchumi mzima wa pembeni ukaitwa magendo. Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliinua mkulima na mfanyakazi, na mwenye duka akabaki karibu na maneno kama mnyonyaji na kupe. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Kulikuwa na wahujumu wa kweli, sikatai, lakini neno likishaanza kutembea haliulizi nani ana maghala kumi na nani ana katoni moja ya sabuni chini ya kitanda. Na kwetu Kongo tulikuwa na utani wa Article 15, kifungu ambacho kila mtu anakijua kwa moyo: jitafutieni. Ndiko lilikotoka "najidebruye". Ni utani wa watu wenye akili, ila ukiutumia miaka hamsini unaanza kuamini kwamba unachofanya si kazi, ni kutoroka njaa.

Wakenya walifanya kitu ninachokipenda. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti juu ya Kenya ambayo ilieneza duniani lile jina la "sekta isiyo rasmi". Yaani umetajwa kwa kile usichokuwa nacho. Lakini mafundi wa Kamukunji walikuwa na jina lao, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Jina la jua kali halina aibu ndani yake. Linasema kazi inafanyika, na jua linawaka. Baadaye hata serikali ikalichukua, na vyama vya mafundi vikaandikishwa kwa jina hilo hilo.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Mtu akisema aibu hii ni utamaduni wetu, mimi simwelewi. Wengi wetu hapa ni Wanande wa Beni na Butembo. Butembo! Mji uliojengwa na wafanyabiashara, watu waliokuwa wakienda Dubai na China kuleta makontena huku barabara ya kufikia mji wao ikiwa matope. Huko kwetu kijana anayefungua duka anaheshimiwa kuliko mwenye diploma asiye na kazi. Na ndugu zetu Wakonzo wa upande huu wanaongea lugha ile ile, tunaelewana bila mkalimani. Mukonzo wa Bwera akiuza mkaa anasema, "Nafanya biashara ya mkaa." Munande wa Beni akivuka mto Lhubiriha, akauza mkaa ule ule mita ishirini kutoka kwake, anasema, "Sina kazi, niko nauzisha tu mkaa." Mto ule si mpana. Ni nini kinachotokea pale katikati?

Jibu langu ni fomu.

Hapa ndugu zetu wa mashirika nawaomba msome polepole. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea, na tunashukuru, nchi nyingi hazina hiyo. Wengi wetu tulioko Kasese na Bwera tuna kadi za Rwamwanja au Kyaka II, tunakuja huku kwa sababu soko liko huku. Lakini tangu mtu avuke, kila anayemjia na karatasi au tableti anamuuliza kitu kimoja kwa njia ishirini: una shida kiasi gani? Mtu anajifunza haraka kwamba jibu lenye nguvu linapunguza na jibu lenye udhaifu linaongeza. Mwezi Julai 2023 WFP ilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, na kundi la tatu, wale waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea, likaondolewa kwenye mgao. Naelewa sababu, pesa ilikuwa imepungua na ilibidi wachaguliwe walio hoi zaidi. Lakini angalieni neno hilo lilifanyiwa nini. Kujitegemea lilikuwa ndilo neno pekee la "ji" lenye heshima. Wazee wa Tanzania walilisomesha kama fahari. Kwenye mstari wa mgao likageuka kuwa adhabu. Mama mwenye meza ya nyanya alipoulizwa "una biashara?", unafikiri alitakiwa ajibu nini?

Kwa hiyo "tu" ni ngao. Si ujinga, si uvivu, ni jibu la mtu mwenye watoto. Anayetucheka kwa hilo hajawahi kusimama kwenye ule mstari.

Ila mwaka 2025, fedha zilipozidi kukauka, WFP ilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja Uganda. Waliosema "tu" na wasiosema. Ngao hiyo imeacha kuzuia mvua, na sisi bado tumeishika, tumeizoea mpaka tunaishika hata pasipo na mtu wa tableti. Tunaishika mbele ya mteja. Tunaishika mbele ya afisa wa mikopo. Rafiki yangu mmoja ana miaka minne anachaji simu za watu na kuuza vifaa vyake. Alikwenda mahali kuomba mkopo mdogo, akaulizwa biashara yake, akasema, "Sina biashara, nachajisha tu simu." Kwenye fomu ikaandikwa hana kipato, mazungumzo yakaisha. Aliyeandika aliandika alichoambiwa.

Na tunaishika mpakani, ambako inagharimu zaidi. COMESA na Jumuiya ya Afrika Mashariki zote zina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unaweza kupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani. Unavyotumika unatofautiana mpaka kwa mpaka, kwa hiyo lazima mtu aulize dirishani. Lakini nani ataenda kuuliza? Dirisha limeandikwa ni la wafanyabiashara. Yeye "anapitisha tu vitu kidogo". Kwa hiyo anapita panya, anamlipa huyu, anamlipa yule, usiku, na akikamatwa bidhaa yake inaitwa magendo. Mwanamke mwenye kilo kumi za samaki! Angeweza kusimama mchana kwenye dirisha, angalau ajue kama bidhaa yake iko kwenye orodha.

Mashirika nayo yana kamusi yao. "Mradi" kwa Kiswahili ni mpango wa mtu, kusudio lake. Kwetu siku hizi mradi ni kitu kinachokuja na gari lenye nembo na kuondoka baada ya miezi kumi na minane. Kuku sita wa mama si mradi. Kuku wale wale wakiletwa na gari ni mradi. Mkonzo akiuza sabuni ni biashara, mkimbizi akiuza sabuni ni "shughuli ya kuongeza kipato". Kuongeza juu ya kipi? Na lile neno mnufaika, au mfaidika. Neno faida liko mle ndani, lakini ni faida ya kupokea. Ukiipokea unapigwa picha, ukiitengeneza mwenyewe unaonekana umeficha kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotoka mwaka 2014 uliwatazama wakimbizi wa Kampala, ukakuta asilimia 21 wana biashara inayoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kati ya hao walioajiriwa asilimia 40 ni Waganda. Sijawahi kuona watu hao wakiitwa waajiri kwenye bango lolote.

Sisemi mtuletee neno jingine kubwa. Tayari tumepewa "mjasiriamali", na ni neno zuri, jasiri ndani yake, mali ndani yake. Lakini tunao vijana wenye vyeti vitatu vya ujasiriamali ukutani na hawana hata karanga za kuuza, na tunao mama wenye mizigo saba sokoni ambao ukiwaita wajasiriamali wanageuka nyuma kuangalia unaongea na nani. Bora neno la kawaida. Muuza samaki. Fundi simu. Msusi.

Ninachoomba kwa mashirika ni mambo mawili, yote hayana bajeti. Moja, badilisheni swali. "Una kazi?" linajibiwa na "tu". Ulizeni, "Wiki iliyopita uliuza nini, na nani alikusaidia?" Mtapata majibu ambayo fomu zenu hazijawahi kuyaona. La pili ni gumu zaidi: kabla ya kuuliza, mwambieni mtu jibu lake linakwenda wapi. Kama ni utafiti wa soko, semeni, na msilipeleke kwenye orodha ya mgao. Kama ni la mgao, semeni pia. Mtu aliyedanganywa mara moja juu ya fomu atawajibu wote wanaokuja baadaye kwa "tu", hata yule aliyekuja na mkopo mkononi.

Kwetu sisi, kikundi kimeweka faini. Kila Jumamosi kila mtu anasimama na kusema wiki hiyo ameuza nini, ameandika siku ngapi, pesa yake ngapi iko nje. Anayemaliza sentensi kwa "tu" analipa shilingi 500 kwenye mfuko wa jamii. Wiki ya kwanza mfuko ulijaa, tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani. Wiki ya nne zilikuwa 1,500 tu, na hiyo "tu" ni ya hesabu, sitozwi. Kwenye daftari tulifuta kichwa kilichosema "Wadeni" tukaandika "Pesa yetu iliyo nje", na yule dada wa samaki wakavu tayari amerudi barabara kuu. Hajalipwa yote. Ila anapita.

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliuliza swali ambalo lilinyamazisha watu. "Hapa nasema nina biashara ya mawese, sawa. Na wale wa tableti wakirudi, niseme nini?" Wengine walimwambia aseme kama zamani, wengine walimwambia aseme kila kitu. Tulibishana mpaka giza. Mimi nilimwambia ajibu ukweli, lakini aulize kwanza jibu linakwenda wapi, na akiona halielezwi, ana haki ya kusema atajibu siku nyingine. Akasema, "Wewe huna watoto watano." Ni kweli, sina. Tumekubaliana kwamba mwezi ujao tutamwalika afisa mmoja wa shirika aje akae nasi chini, bila tableti, tumuulize mbele ya wote. Wanaosoma hapa na wanaofanya kazi hiyo, mwaliko ni wenu. Ni Jumamosi, saa kumi jioni. Faini inawahusu na nyinyi pia.